Mwaka Niliomezwa Walikale

Masika alifika kwangu Bweremana Jumamosi asubuhi, viatu vyake vimejaa matope ya mvua za kwanza za Septemba, amebeba kwapani kopo la maziwa ya unga lililofungwa mdomo kwa kipande cha kitenge. Nilimwacha akiwa msichana wa miaka minane mwenye pengo mbele. Sasa amevaa miwani na ana wajukuu wawili. Mama yake, Mama Kahindo, alikuwa amezikwa Butembo wiki tatu kabla, na habari zilinifikia kwa sauti kwenye simu, nikashindwa kwenda kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, kama kawaida yake. Tulikumbatiana, tukalia, kisha akanishika mashavu na kusema, "Dada Sifa, umenona!" Kopo aliliweka juu ya meza, mbali na vikombe vya chai. "Ile tutaongea kisha," akasema. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Wanangu watatu, wanaume watupu, wananitania kwamba mlango ukibishwa naanza kutubu dhambi. Basi lile kopo la marehemu lilinikalia mezani mchana kutwa kama polisi. Nilimhesabia Masika miaka, nikamuuliza habari za watoto, nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kila nilipopita nililikwepa kwa macho. Kuna jambo moja nililomfanyia mama yangu katika nyumba ya mama yake Masika, mwaka ule wa Walikale, na sijawahi kulisema kwa mtu. Niliona hakika kwamba limenifuata.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimefunga shule yetu huku milimani Masisi, na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu, wa sita, ili nifanye mtihani wa taifa. Mama Kahindo alikuwa mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale, na lori lake lilikuwa likipanda hadi Muheto, kijijini kwetu, kununua maharage ya mama. Siku moja, wakiwa wamekaa juu ya magunia, alimwambia mama, "Nipatie huyu mutoto, atasomea kule kwetu." Lilikuwa ni neno la dakika moja. Asubuhi ya safari mama aliniita jikoni, akashusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moto, pale moshi unapozuia wadudu, akagawa kilichomo katika sehemu mbili. Ndani mlikuwa na mbegu zake zikiwa zimechanganywa na majivu: nyekundu, za njano, nyeusi zenye madoa, na moja moja nyeupe yenye jicho. Kwetu mbegu ya maharage ni ya wanawake. Mama humpa binti yake siku anapoolewa, kama yeye alivyopewa na mama yake, na yule na wa kwake, na mwanaume hana neno hapo, hata kama shamba ni lake. Kwa hiyo nilipoona anafunga nusu katika kitambaa na kunikabidhi, nilirudisha mikono nyuma. Nilimwambia, "Mama, mie siyaolewa." Akasema, "Najua. Shika tu. Hapa kukiungua, ikuwe na fasi ingine." Nikauliza, kwa ujinga wa mtu anayetaka mazungumzo yasiishe, "Na njaa ikija?" Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Utakula majani. Mbegu haipikwake." Nilipanda lori na kitambaa kile kifuani, nikijua kwamba mama amenipa cha harusi kwa sababu hakutegemea kuiona harusi.

Nyumba ya Walikale ilikuwa nyuma ya duka. Nililala katika chumba cha akiba, kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni, mpaka nguo zangu zote zikanuka sabuni hata zile ambazo sikuzifua. Kuta zilikuwa za mbao, na mbao za msituni zikikauka huacha nafasi, kwa hiyo kila mtu alisikia kila kitu: Papa Paluku akikohoa, watoto wakigombana, mkewe Mama Kahindo akihesabu sabuni na kusali kwa pumzi moja. Joto lilinishinda. Sisi wa milimani tumezoea baridi ya asubuhi inayokufanya uharakie moto. Kule msitu ulikuwa ukitoa jasho kabla ya jua. Siku ya kwanza tulikula bugali wa muhogo na samaki wa kukaushwa kwenye mawese, na Papa Paluku, mtu mwenye tumbo kubwa na mzaha mwingi, akanisogezea kipande cha kichwa akisema, "Kula, mama. Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe!" Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaanza kuhesabu siku. Siku ya tatu niliamka kabla ya watu na kutafuta jembe nyumba nzima. Halikuwepo; walikuwa watu wa duka. Nikachukua ufagio. Nilifagia ua, duka, barabara mbele ya duka, kisha nikarudi uani, mpaka Mama Kahindo akatoka na kitambaa kichwani na kusema, "Sifa, wacha. Utafagia mpaka na bulongo yenyewe." Alisema kwa kucheka, akinionyesha udongo niliokuwa nimeukwangua, lakini sikuacha. Mezani nilikuwa nachukua tonge dogo kuliko la Masika, na nikijua nani amekula ngapi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa biolojia, Prof Anaclet, kijana mwembamba mwenye koti moja, ambaye alisoma somo kwa Kifaransa kutoka kwenye daftari lake, kisha akaliweka chini na kulieleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo somo lilipoanza. Siku moja alichora ubaoni duara kubwa, na ndani yake vitu vidogo kama punje za maharage, vyenye mikunjo tumboni. Mitokondria, akasema. Akafuta mikono kwenye koti. "Zamani sana, mbele ya miti, mbele ya samaki, dunia ilikuwaka na tuvitu tudogo tu, twa seli moja. Miaka na miaka, tudogo tu. Siku moja kamoja kakubwa kakameza kadogo. Kula njo ilikuwa kazi yake. Lakini ile siku hakakukasaga. Kale kadogo kakabakia muzima mu tumbo." Alieleza kwamba kidogo kile kilijua kutumia hewa kutoa nguvu kwa namna ambayo mwenzake hakuijua, na kwamba kilipoanza kutoa nguvu ya nyumba nzima, ndipo maisha yakaweza kukua: uyoga, mti, mbuzi, mtu. "Bila kale kenye kalimezwa, hakuna Sifa kwenye banki," akasema, akinionyesha kwa chaki pale benchini. Darasa likacheka. Mimi, ambaye sikuwahi kuuliza swali katika shule ile, nilijikuta nimesimama. "Prof, juu ya nini hakakukakula?" Akafikiri. Alikuwa na adabu ya kufikiri kabla ya kujibu msichana. "Hatujue. Pengine tumbo yake ilichelewa." Nikauliza tena, "Na kanaweza kutoka?" "Hapana. Kidogo kidogo kalipatia kakubwa karibu urithi wake yote, kakabakisha kidogo tu yake mwenyewe. Leo ukikatosha inje, kanakufa. Na kakubwa nako kanakufa." Kisha akaongeza, akitafuta daftari lake, kwamba tunapozaliwa tunapewa hizo mitokondria na mama peke yake. "Baba hapatiake kitu pale." Wavulana wakanung'unika, wakasema Prof anatukana wazee. Mimi niliketi nikiwa na kitu cha kushika. Nikajiambia kwamba aliyemezwa ana muda mfupi tu, kabla tumbo halijaamka, wa kuonyesha ana faida gani.

Siku hizi nafundisha somo hilohilo hapa Bweremana, na kila mwaka nikifika kwenye duara lile mkono wangu hutafuta ufagio. Wanafunzi wangu hupenda kudhani ilikuwa hadithi ya urafiki. Nawaambia hapana, hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mmoja alikuwa na njaa, mwingine alikuwa na hofu, na wote wawili hawakuwa na akili ya kujua hata hayo. Wakakaa pamoja kwa sababu kila siku iliyopita iliifanya siku ya kuachana kuwa ngumu zaidi. Huwa siwaambii kwamba nimezaa wana watatu bila binti, na kwamba kile nilichopewa na mama yangu, naye na mama yake, kinaishia kwangu. Wavulana wamekipokea, lakini hawatakipitisha kwa mtu. Si ugonjwa wala si laana, ni hesabu tu ya biolojia, ila nikiwa peke yangu jikoni inaniuma.

Mnamo mwezi wa pili wa mvua barabara ilifungwa kabisa. Malori hayakupanda wala kushuka, maharage yakaisha sokoni, na duka likabaki na chumvi na sabuni, vitu ambavyo havimshibishi mtu. Kutoka nyumbani sikupata habari hata moja. Waliopita njia ya msituni walisema Muheto imekimbiwa, wengine wakasema haijakimbiwa, na mimi niliwaamini wote. Jumapili moja baada ya misa nilikuwa jikoni natwanga sombe, na nyuma ya ukuta wa mbao Papa Paluku na mkewe walikuwa wamekaa. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nikamsikia Papa Paluku, bila mzaha wake: "Tuko watu saba juu ya sufuria moja. Mapadri wako na kamyo ya kwenda Bukavu siku ya pili. Yule mutoto wa Masisi apande, arudie kwabo kwa njia ile." Nikaacha kutwanga. Nikakumbuka kwamba mtu akiacha kutwanga ghafla anajulikana kwamba anasikiliza, nikatwanga tena, polepole. Mama Kahindo alianza kujibu, nami nilisikia jina langu, kisha mvua ikaja kwa nguvu juu ya mabati na sikusikia tena kitu. Siku ya pili, yaani Jumanne. Mwaka wa shule ungekufa pale, na mimi ningeshuka kwenye lori nikitafuta kijiji ambacho sikujua kama kipo.

Sikufikiri sana; ningefikiri nisingefanya. Nilikwenda chumbani, nikatoa kitambaa chini ya gunia, nikamkuta Mama Kahindo akiwa peke yake dukani, amepumzisha mikono juu ya meza tupu. "Mama, niko na maharagi," nikasema. Alifungua, akaingiza kidole kwenye majivu, akazigeuza mbegu moja moja, nyekundu, nyeusi, ile nyeupe yenye jicho. Naye alikuwa binti wa wakulima kabla ya kuwa mtu wa duka. "Sifa, hii njo mbegu." "Hapana, Mama. Ni ya kula." "Mama yako njo alisema ni ya kula?" Nilijibu macho yakiwa mezani. "Ndiyo. Alisema tukule pamoja." Alinitazama muda mrefu, jicho la mtu aliyezoea kupewa bei ya uongo. Kisha akafunga kitambaa. "Aya, mama," akasema. Jioni ile, kabla giza halijaingia, sufuria la maharage lililetwa mezani. Watoto walipiga kelele za furaha. Niliinamisha kichwa na sikuitazama sahani, nikamla mama yangu, na mama yake, na wale wote wa nyuma ambao majina yao siyajui. Yalikuwa matamu, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Jumanne lori la mapadri lilipita mbele ya duka nikiwa nafagia, halikusimama, na hakuna aliyenitaja. Papa Paluku alirudia mizaha yake. Noeli ilikuja, Mama Kahindo akaenda misa na kitenge chake kikuukuu badala ya kile cha sikukuu, tukaimba, nikaendelea kusoma kati ya magunia. Nilikuwa nimelipa, nami nikakaa. Lakini kila niliposhika mkate wa mtu nilijiuliza nitawapa nini safari ijayo, kwa sababu sikuwa nimebakiza kitu.

Nilifaulu mtihani wa taifa. Mitokondria haikuulizwa hata mara moja. Wiki za mwisho za mwaka ule mama alitokea dukani akiwa na fimbo na mtungi mmoja, miguu imevimba. Muheto ilikuwa imeungua, na kibuyu juu ya moto kiliungua pamoja na jikoni. Aliniuliza kwanza habari ya mtihani, akapiga vigelegele vifupi, akanywa maji. Kisha akauliza, mara moja tu, "Mbegu iko wapi?" Nikamwambia, "Panya walikula, Mama." Aliitazama mikono yangu. "Panya ya Walikale iko na tumbo kubwa," akasema, na hatukuzungumza tena jambo hilo katika maisha yake. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila msimu alipanda maharage ya kununua sokoni, na kila msimu alilalamika kwamba hayajui udongo, yanachanua haraka na kuoza haraka, kama watoto waliolelewa na redio. Mimi nilikuwa napalilia kando yake, nimenyamaza. Nilimzika nikiwa bado nimenyamaza.

Basi Jumapili, baada ya kutoka misa, Masika alikaa mezani na kulivuta kopo. "Dada, usiniangalie vile. Siyo nyoka." Akafungua kitenge. Harufu ya majivu ilitoka kwanza, kisha nikaona nyekundu, na njano, na nyeusi zenye madoa, na zile nyeupe zenye jicho. Nilidhani ni mchezo wa macho. Niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo. "Tulikula," nikasema. "Masika, tulizikula, na weye ulikula." Akatikisa kichwa. "Ile jioni tulikula maharagi ya jirani. Mama alienda na kitenge chake cha sikukuu, akakibadilisha. Ya kwako alitia mu hii kopo, barabara ilipofunguka akamutumia nyanya yetu kule milimani Butembo, akapanda. Kila mwaka ilipandwa. Mie nilipewa siku ya ndoa, dada zangu vilevile, na binti yangu mudogo alipewa mwaka jana. Tunaziitaka 'ya Mama Sifa'." Miaka yote hiyo jina la mama yangu lilikuwa likitajwa katika majiko ambayo hakuwahi kuyaona, na yeye akipalilia maharage ya sokoni. Nililia kwa sauti, mimi ambaye wanangu wananijua kwa kulia kimyakimya. Zilikuwa ni shukrani na hasira pamoja, na sikutaka kuzitenganisha.

"Juu ya nini hakuniambia?" Masika alivua miwani. "Nilimuuliza akiwa mugonjwa. Papa alitaka kweli uende na ile kamyo. Mama akamuwekea kitambaa mbele, akamuambia, mutu anatupatia mbegu ya mama yake, na weye utamupandisha kamyo? Papa akaacha kamyo iende." Akafuta miwani kwa ncha ya kitenge. "Na weye, akasema ulikuwa unaogopa mpaka unafagia fasi yenye imeshafagiliwa. Angekurudishia, ungefikiri anakufungia mizigo." "Na kisha? Miaka yote?" "Kisha vita ikatutawanya. Halafu simu zikakuja, naye akapata haya. Weye ulimuambia uongo, naye akakujibu na sufuria. Uongo ikishakaa sana ndani, kuitosha inje inakuwa ngumu. Njo akasema: nikishakufa, rudisha." Nilimwambia habari ya panya wa Walikale. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa mdomo. Masika alicheka hadi akashika meza, nami nikacheka.

Jioni alikuja jikoni nikikoroga bugali, akiwa amebeba konzi moja ya mbegu. "Dada, tupike kidogo tu. Hata siku moja haujazionja." Ilikuwa kweli. Ladha niliyoibeba ulimini tangu ujana, ile iliyoniamsha alfajiri nyingi, ilikuwa ladha ya maharage ya jirani. Nilimfungua vidole, nikazirudisha moja moja ndani ya majivu. "Mbegu haipikwake," nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Masika alikuwa amefika Jumamosi. Jumatatu asubuhi udongo nyuma ya nyumba ulikuwa umelowa vizuri. Nikampa jembe.